Mbuzi Juu ya Barafu

Kotlas,
Jumamosi, 16 Machi.

Dada yangu mpendwa Klava,

Pokea salamu nyingi kutoka kwa mdogo wako, zikutoshe wewe, shemeji Rodion na wajukuu wote, hata yule mdogo ambaye sijamtia machoni. Natumai kifurushi hiki kimekukuta mzima na ule mgongo umetulia. Shemeji mwambie namuulizia sana. Sijasahau alivyonibebea mifuko hadi stesheni siku tulipomzika mama, na hiyo ni miaka kumi na moja sasa. Mimi sijambo. Goti la kulia linanisumbua nikipanda ngazi, na meno yamebaki ya kuhesabika, lakini dukani naenda mwenyewe na kurudi mwenyewe.

Huku baridi bado haijatuachia. Dvina imeganda vile vile, na watu wanaivuka kwa miguu ingawa wakubwa wa mji wameshasimamisha bango la kukataza. Unawajua watu wetu. Bango wanalisoma wakiwa wameshafika katikati ya mto.

Barua hii nimeiweka juu kabisa, na chini yake utaona kitu nilichokifunga kwa magazeti. Nakuomba usikifungue kwanza. Najua huna subira na vifurushi. Zawadi za Mwaka Mpya ulikuwa unazitoboa kwa kidole tangu mchana. Lakini safari hii nivumilie unisome mpaka mwisho. Kuna mtu hapa mjini anayehitaji jibu lako wewe, si la mwingine, na umri wake hauruhusu tuchelewe.

Ningeweza kupiga simu. Wiki hii nimeinua mkono wa simu mara nne. Ila nakujua na najijua: tungeulizana theluji ya Chita na theluji ya Kotlas, tungesema viazi vimepanda bei, halafu ungesema mjukuu analia, nami ningesema haya dada, msalimie. Tumekuwa hodari wa kuagana.

Nikueleze ninavyoishi, maana hujawahi kuuliza nami sijawahi kusema. Tangu nistaafu napika supu ya kabichi Jumatatu, nainywa mpaka Alhamisi. Meza nimeisogeza dirishani ili nione watu wakishuka basi. Redio naijibu. Juzi mtangazaji alisema habari za asubuhi wasikilizaji wapendwa, nikamwambia nzuri, za kwako, kisha nikaona aibu peke yangu jikoni. Sikuolewa, sikuzaa, wanafunzi wangu wametawanyika, na walimu wenzangu niliozoeana nao nawatembelea makaburini. Mimi ni mpweke, Klava. Naliandika hivyo hivyo, bila kulipamba.

Kinachonitoa kitandani ni gazeti. Kwenye kadi moja ya Mwaka Mpya nilikudokezea kwamba gazeti letu la wilaya limenipa kona yangu kila Alhamisi. Iko ukurasa wa mwisho, kati ya utabiri wa hali ya hewa na matangazo ya wanaouza viazi vya mbegu. Natwaa kitenzi kimoja cha Kiingereza, cha kawaida kabisa, na kuwafafanulia Warusi wenzangu misemo ambayo Waingereza wameijenga juu yake. Mwaka huu wote nimekaa na kimoja tu, take, kile chao cha kuchukua, maana hakiishi. Mwingereza huchukua basi, huchukua dawa, huchukua mtihani. Sisi basi tunapanda, dawa tunakunywa, na mtihani tunaukabidhi kama askari anayesalimisha bunduki. Mtoto akifanana na mama yake, wao husema anachukua baada yake, na katika miaka yangu yote darasani hakukosekana mwanafunzi wa kuuliza, sasa huyo mtoto anachukua nini? Mtu akichukua neno lako, amekuamini bila ushahidi. Akichukua muda wake, hana haraka.

Tisa ndiyo miaka niliyoandika. Mhariri wetu, Matvei Ilyich, mtu mnene anayecheka mpaka kiti kinalia, aliniambia mwaka jana kwamba maelezo hayo hata kamusi inayo, kwa hiyo nisijione. Lakini mifano, Zinaida Pavlovna, mifano! Alisema mke wake huikata kwa mkasi na kuibandika kwenye friji, na kwamba mtu akisoma mifano yangu anadhani amekaa jikoni kwa jirani. Wakanipa cheti chenye mhuri. Nimekitundika ukumbini, upande ule usiofikiwa na taa.

Unamkumbuka Mwalimu Ernestina Karlovna? Najua unamkumbuka, nauliza kwa mazoea tu. Yuko hai. Ana miaka themanini na tisa na macho yamekwisha kabisa. Basi utakuwa unaikumbuka na ile amri yake ya kadi: kila msemo kadi yake, upande mmoja Kiingereza, upande wa pili Kirusi, na chini mfano. Mfano wenyewe utoke nyumbani kwako na uwe kweli tupu. Mtu akimletea mfano wa malkia au wa mnara wa London, aliirudisha kadi kwa ncha za vidole, kama soksi chafu, na kuuliza kama malkia ni shangazi yake. Wenzetu walikata kadi kwenye madaftari. Sisi tulitumia ile karatasi ya kahawia ya kufungia, aliyotuletea baba wa jirani kutoka kiwandani.

Mwezi wa pili, gazetini, nilifika kwenye msemo wa kuchukua muda wako. Nikaweka mfano huu: Mbuzi wetu Barynya alichukua muda wake katikati ya mto, na baba akiwa ufukweni alimwita kwanza kwa jina, kisha kwa matusi, kisha kwa jina na heshima zote.

Sasa umetulia kidogo, nadhani. Umeuona ule mto, na baba ameshika kofia mkononi. Ni mfano wako, ulikuwa na miaka kumi na mitano. Mwalimu alicheka mpaka akalazimika kuvua miwani. Na sasa unajiuliza nimekumbukaje neno kwa neno. Nitafika huko, Klava. Nipe nafasi.

Siku mbili baada ya gazeti kutoka, nikapigiwa simu na mama mmoja anayeitwa Polina. Alisema yeye ni jirani wa Ernestina Karlovna na humsomea gazeti kila Alhamisi wakinywa chai. Alisema alipofika kwenye mbuzi, bibi aliweka kikombe chini na kuamuru asomewe tena, na akasomewa mara tatu. Kisha akasema huyu ni Klava Korneeva, amerudi mjini wala hajaja kunisalimu, mtoto gani huyu asiye na adabu. Mimi katika gazeti natia sahihi ya jina la ukoo peke yake, Korneeva. Polina akaniuliza kama ndimi niliyekuwa na mbuzi. Nikamjibu kweli, mbuzi tulikuwa naye. Hakuuliza Korneeva yupi, nami sikumsaidia kuuliza.

Nilikwenda Jumamosi iliyofuata, mchana. Nilinunua maua matano, lakini upepo wa darajani ulivunja moja na kulipeperusha bila mimi kuona. Polina alinifungulia mlango, akanipa ndala za wageni, akaniingiza chumbani. Mwalimu alikuwa kitini na shali mabegani, mgongo umenyooka vile vile kama anasubiri darasa linyamaze. Akanyoosha mikono, akapokea maua, na vidole vikaanza kupita kwenye mashina, moja moja. Akafika mwisho. Akauliza kama nimekuja kumsalimu au kumzika, maana manne, kama jozi zote, ni ya kaburini na yeye bado ana biskuti zake hajamaliza. Polina alicheka hadi akashika ukuta. Niliona haya, Klava, mwanamke wa miaka hamsini na minane aliyeshindwa kuhesabu maua. Nikachomoa moja, yakabaki matatu ya mtu aliye hai, na lile nililochomoa nikakaa nalo mapajani muda wote.

Halafu akasema, haya Klava, mwanangu, sogea nikusikie.

Unajua sauti zetu. Mama mwenyewe alikuwa anatuchanganya kwenye simu mpaka mwisho wake. Nilikuwa na nafasi ya kusema hapana Mwalimu, mimi ni Zina. Nilifungua mdomo. Kilichotoka ni, nimekuja, Mwalimu.

Alifurahi namna ambayo sijui kuielezea. Alitaka kujua mbuzi aliishia wapi, na kama baba alimsamehe. Akaniomba nimsemee mifano mingine, nikamsemea, naijua yote kwa moyo. Ule wa mama kuchukua maneno ya mganga moyoni akakataa kula chumvi wiki nzima. Ule wa shangazi Fekla anayechukua baada ya bata. Kila mfano alipiga paja na kusema, sikio hilo, sikio hilo, Mungu alikupa sikio. Kisha akamuulizia mdogo wako. Kama bado anafundisha. Nikamwambia amestaafu. Akatikisa kichwa, akasema Zina alikuwa na bidii. Sikio hakuwa nalo, masikini, lakini bidii alikuwa nayo, na wengine wanafika kwa bidii.

Nilikunywa chai yangu. Ilikuwa imepoa.

Ndipo akamwambia Polina aende akaangalie kama duka la mkate limefunguliwa, naye Polina akaelewa, akavaa koti. Tulipobaki wawili, mwalimu akautafuta mkono wangu, akaushika. Akasema kuna jambo alilokaa nalo miaka arobaini, na kwa kuwa amenipata hatakufa nalo. Akasema kwamba siku ile mbele ya kamati ya chuo, mwezi wa sita, Zina alipoweka sanduku la kadi mezani na kusema ni kazi yake, yeye alifungua kadi ya kwanza na kuujua mwandiko. Ni nani mwingine aliyekuwa anapinda mkia wa herufi namna ile? Alijua palepale kwamba sanduku ni la Klava. Na nafasi ya chuo cha Arkhangelsk ilikuwa moja. Akasema aliwatazama wale wanaume wawili wa kamati, akakumbuka wazazi wake walivyoletwa huku uhamishoni na gunia moja la nguo kwa sababu ya jina la Kijerumani, na namna walivyomfundisha tangu mdogo kwamba mbele ya meza ya wakubwa yenye kitambaa chekundu mtu hafungui mdomo. Akafunga kifuniko. Akatia sahihi.

Alisema, nilikunyima maisha yako, Klava, kwa kuogopa tu. Nilikuwa nakuona unatoka zamu, na harufu ya kile kiwanda cha karatasi nguoni, nikawa nabadilisha njia. Nisamehe.

Akangoja. Machozi yalikuwa yanamtoka kwenye yale macho yasiyoona, wala hakuyafuta.

Dada, nilisema nimesamehe. Nilisema kwa sauti yako na kwa jina lako, nimekusamehe, Mwalimu, tulia. Naye akatulia. Akauinua mkono wangu, akaubusu, kisha akapitisha kidole gumba kwenye kiganja, taratibu, huku na huku. Halafu akasema, mikono laini. Basi, hayo tu. Polina aliporudi na mkate nilikuwa nimeshavaa viatu. Sijui kama alinijua. Tangu siku hiyo nalitazama swali hilo kila asubuhi.

Sasa nisikilize, maana hapa ndipo ninapoogopa.

Mafuriko hayakulisomba sanduku lako la kadi. Ule mwezi wa tano barafu ilipoziba mto na maji yakaingia mtaa wa chini, wewe ulikuwa zamu. Mama na mimi tulikuwa tunahamishia vitu kwenye dari ya shule. Sanduku lilikuwa juu ya kabati, kavu kabisa, limefungwa kwa ile kamba ya baba ya magogo. Nililitia kwenye begi langu la shule. Sikuwa nimepanga kitu, naapa, nililitia ili lisilowe. Lakini wewe ulipokuja jioni, na viatu vya kazi miguuni, ukauliza habari zake kabla hujauliza habari za kitanda chako, mimi nikasema maji yamefika mpaka juu ya kabati. Uliketi kwenye ngazi za shule. Ukaniuliza kama nina uhakika. Nikasema nina uhakika. Ukalichukua neno langu, na hukuuliza tena hata mara moja katika maisha yako.

Wewe ndiye uliyekuwa uende, wote tulijua. Ulikuwa umefanya kazi mwaka mzima baada ya baba kufa ili tusihangaike, na mwaka ule ilikuwa zamu yako. Uliniambia, nenda wewe Zina, mimi sina tena cha kuwaonyesha. Nami nikaenda, nikawaonyesha.

Kazi yangu yote imetoka kwenye sanduku hilo. Darasani nilitumia kadi zako, gazetini nimetumia kadi zako. Miaka ya nyuma nilikuwa nambadilisha mbuzi kuwa mbwa, na baba kuwa Bwana Petrov, ili asijue mtu. Mwezi wa pili mwaka huu sikubadilisha. Ilikuwa tarehe aliyokufa baba, na hapakuwa na mtu wa kukaa naye mezani, nikamwacha mbuzi awe mbuzi. Labda nilitaka nishikwe. Labda nilikuwa nimewakumbuka tu. Jioni, nikimaliza supu, huzitoa hizo kadi na kuzisoma moja moja, na ninakusikia, ukiwa na miaka kumi na mitano, unamcheka shangazi Fekla. Ndiyo maana sikulirudisha sanduku hata baada ya mama kufa, ingawa nilikuja mazishini nikiwa nimelibeba kwenye mkoba. Mara ya kwanza nililiiba kwa sababu ya chuo. Siku zilizofuata nililiiba kwa sababu ya upweke. Ningekurudishia ningebaki na nani?

Juzi nilimpelekea Matvei Ilyich barua ya kumweleza yote haya, na kumwomba kona itoke na jina lako. Alisoma mpaka mwisho, akavua miwani, akasema atafikiri. Hakucheka. Cheti nimekishusha ukutani.

Sikuombi unisamehe. Kama ni kunitukana, nitukane kama baba alivyomtukana Barynya, sitajibu. Ninachoomba ni kimoja. Mwalimu ameomba msamaha kwako, na akapewa na mtu asiye na haki ya kuutoa. Ni wewe tu unayeweza kumwambia ndiyo au hapana iliyo ya kweli. Namba ya Polina nimeiandika nyuma ya bahasha. Mpigie Mwalimu kwanza, mimi baadaye. Mpigie leo, ukimaliza kusoma, huku kwetu itakuwa bado mchana. Usimwogope ukimwambia hapana. Ni mwalimu wetu, alitufundisha kusema kweli tupu kwenye kadi. Mimi ninaweza kungoja, nimeshazoea. Yeye hawezi.

Msalimie shemeji, na watoto, na watoto wa watoto. Kifurushi kinakuja na jamu ya matunda ya kinamasi, chupa mbili, usimpe Rodion yote. Sasa hivi nitakaa kidogo kwenye kiti, kando ya kifurushi, kama tulivyokuwa tunakaa nyumbani kabla mtu hajashika njia, kisha nitakibeba posta.

Kadi zako zote zimo, mia tatu na kumi na mbili, sikupoteza hata moja. Utakuta ya mia tatu na kumi na tatu, ya karatasi nyeupe. Hiyo ni yangu, ya kwanza humu kuiandika mwenyewe. Msemo ni ule wao wa kuchukua nafasi ya mtu. Chini yake nimeweka mfano kutoka nyumbani kwetu, kama mwalimu alivyotaka: Zina alichukua nafasi ya Klava, na Klava alimbebea sanduku la nguo mpaka stesheni.

Haya, fungua.

Ni mimi mdogo wako,
Zina